Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Saa Chache Maktabani na Nyenzo Huria za Elimu

Barua nne tulizochagua mwezi huu zimetoka Tabora na Kigoma, na zote zinahusu kazi moja: ile ya saa chache kwa wiki, katika maktaba ya chuo kikuu, ya kuwasaidia wahadhiri kutafuta, kurekebisha na kutunza nyenzo za kufundishia zilizotolewa kwa leseni huria. Tumezifupisha, na tumeondoa majina ya waandishi pamoja na ya vyuo vyao.

SWALI

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mkutubi mwenye stashahada, na asubuhi ninafanya kazi katika maktaba ya shule ya sekondari hapa Tabora mjini. Chuo kimoja kimeniita nikisaidie mchana, saa nne kwa siku, siku tatu kwa wiki, katika kile walichokiita mradi wa nyenzo huria. Sina mkataba, nimeambiwa nianze tu, posho itajulikana baadaye. Siku ya kwanza nilikabidhiwa vitabu vya kiada ambavyo wanafunzi huvigombania, nikaelekezwa kuviskani kurasa zote na kuviweka kwenye kompyuta ya maktaba ili kila mwanafunzi avipakue. Nilipouliza kuhusu hakimiliki nilijibiwa kwamba maadamu ni kwa ajili ya elimu hakuna tatizo. Je, hiyo ndiyo kazi yenyewe? Kama siyo, kazi yenyewe ni ipi, na mtu wa saa kumi na mbili kwa wiki anaiweza kweli?

Mkutubi wa Mchana, Isevya, Tabora

JIBU

Marahaba, mwanangu. Uliyopewa siku ya kwanza siyo kazi ya nyenzo huria, na ninakushauri uiache hapo ilipofika mpaka uzungumze na mkuu wa maktaba. Kitabu cha kiada cha mchapishaji wa kawaida kinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo humlinda mwandishi kwa uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Na kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, kitabu kilichochapishwa London au Nairobi kinalindwa hapo Isevya sawasawa na kilichochapishwa Dar es Salaam. Ni kweli kwamba sheria hiyo inatoa nafasi chache kwa ajili ya mafundisho na maktaba, lakini hakuna nafasi hata moja inayofikia kuingiza kitabu kizima kwenye kompyuta ili chuo kizima kikipakue. Aliyekujibu kwamba maadamu ni elimu basi hakuna tatizo amechanganya nia njema na ruhusa. Tena fikiria lawama itamwangukia nani: kompyuta huhifadhi jina la aliyeingiza faili, na jina hilo ni lako wewe usiye na hata barua ya ajira.

Nyenzo huria ni kitu kingine. Jina hilo lilizaliwa katika mkutano ulioitishwa na UNESCO jijini Paris mwaka 2002, na mwezi Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha Pendekezo linalozieleza kuwa ni nyenzo za kujifunzia, kufundishia na kufanyia utafiti, za umbo lolote, ambazo ama hakimiliki yake imekwisha muda, ama mwenyewe amezitoa kwa leseni inayomruhusu mtu mwingine kuzipata bila malipo, kuzitumia tena, kuzirekebisha na kuzisambaza. Kwa hiyo swali la kwanza unalokiuliza kitabu chochote ni leseni yake, na bei hufuata nyuma sana. Mtandaoni kuna vitabu tele vya bure ambavyo si huria, kwa kuwa aliyeviweka hakusema popote kwamba unaweza kuvigusa; na ukimya wa mwenye hakimiliki, kisheria, ni katazo.

Leseni utakazokutana nazo zaidi ni za Creative Commons (kwa kifupi CC), ambazo zilitolewa mara ya kwanza Desemba 2002 na toleo lake la 4.0 likatoka mwaka 2013. Ziko sita. Zote zinadai mwandishi atajwe, sharti linaloandikwa BY, na tofauti imo katika herufi zinazofuatia: SA humtaka anayerekebisha aitoe kazi yake kwa leseni ileile, NC hukataza matumizi ya kibiashara, na ND hukataza kusambaza kazi iliyofanyiwa marekebisho. Zenye ND ziweke kando. Mhadhiri asiyeruhusiwa kubadilisha hata mfano mmoja ili ulingane na mazingira ya wanafunzi wake amepata kitabu cha bure cha kusoma, jambo jema kwa maktaba, lakini mradi wako hauna cha kufanya nacho.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe inavyokwenda mezani. Tuseme mhadhiri wa biolojia anayeandaa walimu wa sekondari anataka sura ya ikolojia. Unampelekea kitabu kiitwacho Biology 2e, kilichotolewa mwaka 2018 na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, kwa leseni ya CC BY 4.0, ambayo ndiyo yenye masharti machache kuliko zote sita. Mhadhiri anakisoma, anayapenda maelezo ya mtiririko wa nishati, lakini mnyororo wa chakula uliochorwa humo ni wa Ziwa Ontario, naye anataka wa Ziwa Tanganyika: dagaa wanaokula planktoni, na migebuka wanaowala dagaa, samaki ambao mwanafunzi wake anawajua tangu jikoni kwao.

Kabla hajabadilisha neno moja, wewe unapitia picha zote za sura hiyo, moja baada ya nyingine. Leseni iliyoandikwa mwanzoni mwa kitabu inahusu matini na michoro ya wenye kitabu, lakini chini ya picha nyingi kuna mstari wa herufi ndogo unaotaja aliyeipiga au taasisi iliyoitoa, na picha ya namna hiyo huweza kuwa na masharti yake ya peke yake. Unafungua jedwali, na kwa kila picha unaandika ukurasa, mwenye picha, mahali ilipotoka, leseni, tarehe uliyoikagua, na uamuzi: inabaki, inaondolewa, au inachorwa upya. Kazi hii inachosha macho, na hakuna atakayekupongeza kwa ajili yake. Lakini hicho ndicho kitu ambacho mhadhiri hana muda nacho na mtaalamu wa kompyuta hana mafunzo nayo, wakati mkutubi aliyezoea kuandika katalogi anakifanya bila kusukumwa. Nikiulizwa kwa nini maktaba ipewe mradi kama huu badala ya ofisi ya TEHAMA, jedwali hilo ndilo jibu langu.

Sura ikikamilika, mwanzoni mwake panakaa maelezo ya namna hii: "Sura hii imetokana na Biology 2e ya Mary Ann Clark, Matthew Douglas na Jung Choi, OpenStax, Chuo Kikuu cha Rice, leseni CC BY 4.0, inayopatikana bure katika tovuti ya OpenStax. Mfano wa Ziwa Ontario umeondolewa na kuwekwa wa Ziwa Tanganyika. Maswali ya mwisho yameongezwa." Hapo msomaji anaona jina la kazi, waandishi, chanzo, leseni na mabadiliko. Kuandika "chanzo: intaneti" ni sawa na kutoandika kitu.

Jihadhari zaidi pale mhadhiri anapotaka kuchanganya vyanzo viwili. Makala ya Wikipedia iko chini ya BY-SA, na baadhi ya vitabu, vikiwemo vya kalkulasi vya OpenStax, viko chini ya BY-NC-SA. Kila moja kati ya hizo inadai kazi mpya itolewe kwa leseni yake, na haiwezekani kuzitii zote mbili katika matini moja iliyofumwa pamoja. Mhadhiri atanuna, maana anaona aya mbili tu zinamzuia. Mweleze kwamba anaweza kuziweka kama visomo viwili tofauti, kila kimoja na leseni yake, au aandike upya aya hizo mbili kwa maneno yake mwenyewe. Na aghalabu njia hii ya pili ndiyo huleta maelezo bora.

Umeuliza kama saa kumi na mbili zinatosha. Zinatosha iwapo kazi itapimwa kwa kozi. Miradi mingi ya aina hii huanza kwa kukusanya: viungo mia vya tovuti, mafaili elfu, na hazina kubwa ya kidijitali yenye nembo ya chuo, ambayo baada ya muhula mmoja hakuna anayeifungua. Wewe omba kozi moja, yenye wanafunzi wengi, inayofundishwa muhula huu au ujao, na mhadhiri aliyekubali kwa kinywa chake mwenyewe na si kwa kuamriwa na mkuu wa idara. Wiki za mwanzo zitakwenda katika kutafuta na kukagua leseni, za katikati katika kurekebisha pamoja na mhadhiri, na za mwisho katika kuweka metadata, yaani maelezo ya utambulisho wa kila faili, na kupakia kwenye mfumo. Ikiwa chuo tayari kinatumia programu ya DSpace kuhifadhi tasnifu, msijenge mfumo mwingine. Humohumo panatosha kufungua mkusanyiko wa nyenzo za kufundishia. Nao wanaotaka kozi kumi kwa mwaka kwa saa zako hizo, waambie kwa adabu wakuongezee wenzako.

Tuje kwenye hilo la "posho itajulikana baadaye", ambalo limewaliza watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba usio na kikomo, mkataba wa muda maalumu, na mkataba wa kazi maalumu. Huu wa tatu unaufaa mradi kama wako, kwa sababu kazi inaweza kutajwa kwa jina: kozi fulani, sura kadhaa, zimekaguliwa, zimepakiwa, na jedwali limekabidhiwa. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali, saa, malipo na tarehe ya kuanza. Omba pia hadidu za rejea, hata za ukurasa mmoja, na uone kwamba ndani yake pameandikwa kuwa uamuzi wa kutumia kitabu ambacho leseni yake haijulikani si wako peke yako. Ukiajiriwa kwa mshahara, uliza kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hapaswi kukukata zaidi ya nusu yake. Na kama shule yako ya asubuhi ni ya serikali, pata kibali cha maandishi cha mwajiri wako kabla ya yote. Ukweli kwamba saa hazigongani hautakusaidia siku ukiulizwa kibali kiko wapi.

Jambo moja dogo ambalo halimo katika mikataba mingi: usifungue akaunti za mradi kwa barua pepe yako binafsi. Mafaili, nywila na jedwali la leseni vikae katika akaunti ya maktaba tangu siku ya kwanza. Watu wa saa chache huondoka, wanaolewa, wanapata kazi Mwanza, na nimeona miradi iliyokufa si kwa kukosa fedha bali kwa sababu nywila iliondoka na mtu kwa treni.

SWALI

Ndugu Mshauri, salamu kutoka Kigoma. Jioni ninasaidia maktaba ya kituo cha masomo ya elimu ya juu, na wengi wa wanafunzi wetu ni walimu walio kazini Kasulu, Kibondo na Uvinza, ambao huja mjini kipindi cha semina za ana kwa ana na cha mitihani. Nyenzo huria tumepata nyingi, lakini mafaili ni makubwa na bando ni ghali, na huko vijijini mtandao unakuja na kuondoka. Nikisema tuwachapishie, wenye steshenari hapa Mwanga wanasita wakiona alama ya kukataza biashara, kwa kuwa wao wanatoza fedha kwa kila ukurasa. Nimekwama. Nifanye nini?

Msaidizi wa Jioni, Kigoma

JIBU

Tuanze na steshenari, kwa sababu hofu yao inaondoka kwa maelezo tu. Sharti la NC linaangalia matumizi ya anayetumia nyenzo. Kituo chako kinapomlipa mwenye mashine akitolee nakala za kugawa kwa wanafunzi, biashara ya huyo ni kutoa kopi kwa niaba yenu, na hivyo ndivyo Creative Commons wenyewe wanavyolielewa sharti lao. Mahakama mbili za rufaa za Marekani, moja mwaka 2018 na nyingine mwaka 2019, ziliamua vivyo hivyo katika kesi za maduka ya kopi yaliyolipwa kuchapa vitabu vya shule vyenye leseni ya BY-NC-SA. Hukumu za Marekani hazizifungi mahakama zetu, lakini leseni iliyosomwa ni hiyohiyo iliyo mkononi mwako. Mambo hubadilika iwapo mwenye duka atachapa nakala hamsini kwa hiari yake, aziweke rafuni na kuziuza kama kitabu. Hapo sasa ni biashara yake, na NC inamkataza. Mwandikieni barua fupi yenye mhuri wa kituo, inayotaja nyenzo, leseni na idadi ya nakala, naye aitunze. Kwa wenye mashine, karatasi yenye mhuri ina uzito kuliko maelezo ya mdomo.

Kabla ya kuchapa, toa ukurasa mmoja wa majaribio kwa wino mweusi. Grafu ambayo kwenye skrini ina mstari mwekundu na wa kijani itatoka na mistari miwili ya kijivu isiyotofautiana, na mwanafunzi wa Kibondo hatakuwa na wa kumuuliza. Kwa kuwa leseni inakuruhusu kurekebisha, andika jina la kila mstari pembeni yake, au ugeuze mmoja uwe wa nukta nukta. Marekebisho hayo humsaidia pia mwanafunzi asiyetofautisha rangi hata pale anapotumia skrini. Picha za mapambo za kurasa nzima, ambazo vitabu vya Marekani vinazipenda sana, ziondoe bila huruma, kisha useme katika maelezo ya mwanzo kwamba umeziondoa.

Kuhusu mafaili, gawa kitabu kwa sura. Mwalimu anayehitaji sura ya nne asilazimike kupakua ishirini. Punguza ukubwa wa picha, na pale inapowezekana toa nakala ya EPUB pamoja na ya PDF, kwa sababu EPUB hujipanga kulingana na upana wa simu, ilhali PDF ya ukurasa mpana humlazimu msomaji kuvuta kushoto na kulia mpaka akate tamaa. Kituoni kwenu mnaweza kuweka kompyuta moja au kifaa kidogo kinachorusha Wi-Fi ya ndani isiyohitaji intaneti, mkaweka humo Kiwix, programu inayosomesha Wikipedia nzima bila mtandao, na Kolibri kwa masomo ya ngazi ya shule. Mwanafunzi anafika semina, anaunganisha simu, anajaza mafaili ya muhula mzima, anarudi Uvinza bila kuchoma bando. Flashi nazo zinafaa, ila ziwe za maktaba, zikaguliwe virusi kila zinaporudi. Kila faili liwe na tarehe ya toleo katika jina lake, kwa maana nyenzo zikishaingia kwenye simu za watu hutaweza kuzifuata kuzirekebisha.

Na kwa kuwa wanafunzi wako ni walimu, usipite bila kuangalia TESSA, mradi ulioanza mwaka 2005 ukiratibiwa na Open University ya Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Moduli zake za mafunzo ya walimu wa shule za msingi zimetolewa kwa leseni huria, na zipo za Kiswahili. Kwa mwalimu anayesomea shahada huku akifundisha darasa la nne, hizo atazitumia Jumatatu inayofuata.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu, Kigoma. Sijasomea ukutubi. Maktaba ikitangaza nafasi ya saa chache katika mradi kama huo, niombe?

Mwanafunzi, Gungu

JIBU

Omba. Zipo kazi zinazomfaa mwanafunzi kuliko mtu mwingine yeyote: kukagua kama viungo bado vinafunguka, kuandika maelezo ya picha kwa ajili ya wasioona wanaosomewa na kompyuta, kusoma sura kabla ya kutolewa na kuweka alama kila pasipoeleweka. Hilo la mwisho wahadhiri hawaliwezi, kwa kuwa wao tayari wanaelewa. Uamuzi wa leseni mwachie mkutubi. Na ukiandika mazoezi au kuchora kielelezo chako mwenyewe, hakimiliki ni suala la kukubaliana mapema kwa maandishi, jina lako nalo litajwe kwenye nyenzo.

SWALI

Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja Tabora. Mkutubi wetu wa muda amenijia akitaka madesa yangu, yaani notisi za kufundishia, niliyoyaandaa kwa miaka mingi, yatolewe kwa leseni huria. Simkatai, lakini nina hofu: mtu akiyachapa na kuyauza? Na nikibadili mawazo mwakani?

Mhadhiri, Tabora

JIBU

Nianze na hofu ya pili, maana ndiyo nzito. Leseni za Creative Commons hazirudishwi. Unaweza kuacha kusambaza, unaweza kuondoa faili kwenye mfumo wa chuo, lakini aliyekwisha kulipata kwa masharti ya leseni anaendelea kulitumia kwa masharti hayo. Kama jambo hilo linakunyima usingizi, usitoe bado, na wala usione haya kumwambia mkutubi hivyo.

Hofu ya kuuzwa ina dawa, nayo ni kuongeza NC. Mimi binafsi huwashauri wahadhiri wasiikimbilie, kwa kuwa itawafungia wenzao wanaotaka kuyafuma madesa hayo pamoja na nyenzo zenye BY-SA, na kwa kuwa ni vigumu kuuza kitu ambacho mnunuzi anaweza kukipata bure kwenye tovuti ya chuo. Lakini ni haki yako kuichagua, na mkutubi asikushinikize. Leseni yoyote utakayochagua, jina lako litabaki, na atakayerekebisha analazimika kusema kwamba amerekebisha, ili makosa yake yasije yakahesabiwa kuwa yako.

Lililo gumu zaidi ni kujua kama madesa hayo ni yako kweli. Sikuulizi kuhusu uadilifu wako. Ninauliza kuhusu vielelezo. Madesa ya miaka mingi hukusanya michoro kutoka vitabu vya watu kama kanzu nyeupe inavyokusanya vumbi la kiangazi cha Tabora, na mhadhiri mwenyewe hakumbuki tena ulikotoka upi. Ilikuwa inavumilika ulipoyaonyesha darasani. Ukiyatoa kwa leseni huria unakuwa umetoa ruhusa juu ya mali isiyo yako. Hapo ndipo mkutubi wako wa muda anapokuwa na maana: mpe saa zake apitie kielelezo kimoja kimoja, na vile visivyo na asili vichorwe upya. Angalia pia picha za watu. Picha ya mwanafunzi akifanya mazoezi ya kufundisha, au ya mtoto mwenye ulemavu darasani, ni taarifa binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, ridhaa siyo hisani tena. Halafu soma mkataba wako wa ajira na sera ya chuo kuhusu mali ya kitaaluma, ujue kama haki ya kuitoa kazi hiyo iko mikononi mwako, ya chuo, au ya wote wawili. Na kama unatarajia nyenzo hizo zihesabiwe katika kupandishwa cheo, iulize kamati inayohusika sasa, kwa barua, kabla ya kuzitoa.

Ukiisha kuamua, usimpe mkutubi kozi nzima. Mpe sura moja, ile unayoifundisha ukiwa na uhakika zaidi, katika faili la Word na si PDF ili aweze kurekebisha, na picha zake za asili katika folda ya pembeni, kila moja ikiwa na jina linaloonyesha ilikotoka. Mkubaliane siku ya kukutana kila wiki, hata nusu saa, kwa maana yeye yupo mchana wa siku tatu tu, na akikukosa mara mbili mfululizo muhula umekwisha.